Mmea ulioua saratani maabara bado si dawa ya mtoto wako

Huenda nawe umeletewa ujumbe huu kwenye simu: wanasayansi wamegundua mmea unaoua seli za saratani ya damu. Chini yake pana picha ya majani au mbegu, maelekezo ya kuchemsha, na mwishoni ombi la kuwatumia watu wengine kumi. Kama nyumbani kwako hakuna mgonjwa, unausoma na kuupita. Lakini kama una mtoto aliyelazwa, au umeambiwa juzi umpeleke Bugando kwa uchunguzi, ujumbe huo unakukaa moyoni. Unajiuliza: nikope nauli niende Mwanza, au nichemshe majani hapa hapa Bunda?

Jibu letu ni fupi: nenda Mwanza. Maelezo yake ni marefu kidogo, kwa sababu ujumbe ule mara nyingi una ukweli ndani yake, na mzazi anastahili kujua ukweli huo unaishia wapi.

Hapa Mara saratani ya damu haihitaji kutambulishwa. Ndiyo iliyomwondoa Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki dunia Oktoba 14, 1999 katika Hospitali ya St Thomas jijini London akiwa na umri wa miaka 77, na kuzikwa nyumbani kwake Butiama. Tangu wakati huo familia nyingi zimebaki na neno moja la kukatisha tamaa: kama Mwalimu alitibiwa Ulaya na hakupona, mtoto wa mkulima ataponea wapi? Mtu akishafika hapo, majani ya kuchemsha huonekana kuwa ndiyo njia pekee iliyobaki.

Neno hilo lina kosa kubwa. Saratani ya damu si ugonjwa mmoja. Aliyokuwa nayo Mwalimu ni aina inayowapata hasa wazee, huenda polepole, na kwa kawaida haiwapati watoto kabisa. Watoto wa ukanda wa Ziwa huugua zaidi aina nyingine. Ipo lukemia kali, inayoanzia kwenye uboho wa mifupa, na ipo limfoma ya Burkitt, inayoanzia kwenye chembechembe za kinga na kutokeza kama uvimbe wa taya au wa tumbo. Aina hizi huenda kasi sana. Lakini hizo hizo ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa vizuri kuliko zote. Katika nchi tajiri, karibu watoto 9 kati ya 10 wenye lukemia kali ya aina inayowapata watoto wengi zaidi hupona. Kwa hiyo usilinganishe mtoto wako na mzee wa miaka 77.

Kilichotokea maabara

Turudi kwenye ule ujumbe. Tuchukue habbat soda, kwa kuwa inapatikana madukani na sokoni kila mahali. Ndani yake mna kemikali iitwayo thaimokwinoni. Watafiti wa nchi kadhaa wamechukua seli za saratani ya damu zinazokuzwa kwenye visahani vya maabara, wakaziwekea thaimokwinoni, wakaona seli hizo zikijiua zenyewe. Kakumini, kemikali inayoyapa manjano rangi yake, nayo imefanya hivyo hivyo. Habari hizo ni za kweli.

Sasa tazama kile ambacho hakimo kwenye kisahani. Hakuna tumbo la kumeng'enya, wala ini la kuivunja dawa kabla haijafika kwenye damu. Hakuna figo, hakuna ubongo. Hakuna mtoto. Seli zimekaa zenyewe ndani ya maji ya lishe, na mtafiti anaweza kuziwekea kiasi chochote apendacho. Hata jiki ukiimwaga pale itaua seli zote za saratani papo hapo, na hakuna mzazi atakayemnywesha mwanawe jiki.

Kuua seli ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kuua seli za saratani na kuacha nyingine zikiwa hai, kwa kipimo ambacho mwili wa mtoto utakivumilia, na kwa dawa itakayofika mahali ugonjwa ulipo. Hilo hupimwa kwanza kwa wanyama, halafu kwa watu wachache waliokubali, halafu kwa wengi wakilinganishwa na wenzao wanaopata tiba iliyozoeleka. Kemikali nyingi zilizong'ara kwenye kisahani huishia njiani. Hadi leo hakuna dawa ya saratani ya damu iliyosajiliwa ambayo imetokana na habbat soda wala manjano.

Ua lililofika hospitalini

Usidhani safu hii inadharau miti. Upo mmea uliosafiri njia hiyo yote ukafika, na pengine umeupanda mwenyewe uani. Ni kichaka kifupi chenye majani yanayong'aa na maua ya waridi au meupe yenye petali tano, kinachostahimili jua na kuchanua mwaka mzima. Asili yake ni Madagaska. Wataalamu wa mimea wanakiita Catharanthus roseus, na zamani waliita Vinca rosea.

Katika nchi mbalimbali watu walichemsha majani yake kutibu kisukari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 majani hayo yalitumwa kutoka Jamaica hadi Canada, ambako mtafiti Robert Noble aliyajaribu kwa panya. Panya walionyweshwa maji ya majani hawakupungua sukari. Waliochomwa sindano ya maji hayo walikufa baada ya siku chache kwa maambukizi, kwa sababu chembechembe nyeupe za damu zilikuwa zimeshuka mno. Mtu mwingine angeyatupa majani yale. Noble na mwenzake, Charles Beer, walijiuliza swali jingine: kama kitu hiki kinashusha chembechembe nyeupe, je, hakitawafaa watu ambao chembechembe zao zimezidi kwa sababu ya saratani? Mwaka 1958 walitangaza kemikali waliyoipata, vinblastini. Nchini Marekani watafiti wengine waliokuwa wakiuchunguza mmea huo huo walipata ndugu yake, vinkristini, ambayo iliruhusiwa kutumika huko mwaka 1963.

Vinkristini ndiyo mojawapo ya dawa ambazo mtoto mwenye lukemia au limfoma ya Burkitt huchomwa kwenye mshipa leo, iwe London, Dar es Salaam au Mwanza. Kazi yake inaeleweka. Seli inapotaka kugawanyika huunda nyuzi nyembamba za kuvutia vinasaba pande mbili. Vinkristini huzuia nyuzi hizo zisiundike, seli inakwama katikati ya kugawanyika, na hatimaye inakufa. Seli za saratani hugawanyika mfululizo, hivyo huumia zaidi kuliko nyingine.

Najua swali linalokuja. Kama dawa imetoka kwenye ua la uani, kwa nini nisichemshe ua hilo?

Kwanza, ni kwa sababu ya kiasi. Ili kupata gramu 1 tu ya vinkristini huhitajika takriban kilo 2,000 za majani makavu. Hayo ni magunia ya kujaza Canter. Pili, ndani ya majani hayo mna kemikali nyingine zaidi ya mia moja za jamii hiyo, na baadhi yake ni sumu. Ukichemsha, unamnywesha mtoto mchanganyiko wote bila kujua kipi kimo kwa kiasi gani, na kipimo hubadilika kila unapochuma. Hospitalini dozi moja ya vinkristini haizidi miligramu 2, na hukokotolewa kwa uzito na urefu wa mtoto. Ikizidi huumiza mishipa ya fahamu. Ikivuja nje ya mshipa wa damu huchoma nyama. Ndiyo maana hutolewa na mtu aliyefunzwa. Tatu, dawa hii haifai kunywa, kwa kuwa tumboni hainyonywi vizuri. Kumbuka wale panya wa Canada.

Somo lililotoka Mara yenyewe

Ipo sababu nyingine ya kuwa waangalifu, na hii imetoka mkoani kwetu.

Limfoma ya Burkitt imepewa jina la daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya watoto waliofika kwake wakiwa na uvimbe wa taya. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walifunga safari ndefu ya gari kuelekea kusini mwa Afrika, wakiulizia hospitali moja baada ya nyingine kama wamewahi kuuona uvimbe huo. Waliona kwamba ugonjwa upo zaidi kwenye maeneo ya joto na mvua, yale yale yenye malaria nyingi. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake huko London waligundua kirusi kwenye seli za uvimbe zilizotumwa kutoka Kampala. Leo tunajua kwamba kirusi hicho, kikikutana na malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara, huongeza hatari ya ugonjwa huu.

Basi watafiti wakajiuliza: tukizuia malaria, Burkitt itapungua? Wakaja kupima hapa hapa Mara Kaskazini, yaani Tarime na Rorya ya leo, wakishirikiana na Hospitali ya Shirati. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 watoto walio chini ya miaka 10 waligawiwa klorokwini. Na kweli, Burkitt ilipungua.

Hapo ndipo wengi wetu tungetangaza ushindi. Watafiti hawakufanya hivyo. Walipotazama kumbukumbu za miaka iliyotangulia waliona kwamba ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua kabla dawa haijagawiwa. Kwa hiyo walipoandika matokeo yao mwaka 1989 hawakuipa klorokwini sifa yote. Walikuwa na miaka mitano ya kazi na maelfu ya watoto, na bado walikiri kwamba jambo kutokea baada ya dawa hakuthibitishi kwamba limeletwa na dawa.

Pima ushuhuda wa jirani yako kwa kipimo hicho. Anaposema "mtoto wa shangazi alikunywa haya majani akapona", muulize: alipimwa wapi kwamba ilikuwa saratani? Alikuwa akipata dawa nyingine hospitalini wakati huo huo? Leo, baada ya mwaka mmoja, yuko wapi? Jirani hajakudanganya. Anasimulia alichokiona. Lakini kama watafiti wa Mara Kaskazini walisita, nawe una haki ya kusita.

Dalili za kutazama

Mtoto wa Musoma au Butiama akipata homa, wa kwanza kushukiwa ni malaria, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini kipimo cha malaria kikionyesha vijidudu, hakijaondoa saratani. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Mrudishe kituoni na uombe achunguzwe zaidi ukiona haya:

Homa imerudi au haikuisha baada ya kumaliza dawa za malaria kama alivyoandikiwa.

Amepauka viganja na ndani ya macho, anachoka haraka, na ameongezewa damu lakini imepungua tena bila sababu kueleweka.

Anatokwa damu puani au kwenye fizi, au ana madoa ya damu na michubuko ambayo hakumbuki kuanguka.

Analalamika maumivu ya mifupa hadi anakataa kutembea, au ana tezi zilizovimba shingoni, kwapani au kwenye kinena.

Taya limevimba, meno yanalegea, jicho limetokeza nje, tumbo linajaa, au miguu imekosa nguvu ghafla.

Kuhusu taya, sikiliza vizuri. Wapo watoto wanaong'olewa jino baada ya jino kwa kudhaniwa ni ugonjwa wa meno, na wapo wanaochanjwa chale juu ya uvimbe. Seli za Burkitt zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja hadi mbili. Wiki mbili za kusubiri majani yafanye kazi zinaweza kuugeuza uvimbe mdogo wa taya kuwa ugonjwa ulioenea mwilini. Gharama ya majani ni hizo wiki, hata kama mganga amekupa bure.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kisha omba rufaa kwenda hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kwangwa, mjini Musoma. Kipimo cha picha kamili ya damu huweza kuonyesha kwamba kuna tatizo. Kujua ni saratani ya aina gani huhitaji kupima uboho au kukata kinyama cha uvimbe, na kwa ukanda wetu kazi hiyo na tiba yake hufanyika Bugando, Mwanza. Kutoka Musoma ni zaidi ya kilomita 200, ukipita Kiabakari, Bunda, Lamadi na Magu. Tunajua nauli hiyo si ndogo, na aliyebaki nyumbani na watoto wengine naye ana mzigo. Ukifika hospitali, usione haya kumuulizia afisa ustawi wa jamii na kumweleza hali yako kabla hujaamua kurudi. Wazazi wengi huondoka kimya kimya kwa kuogopa deni, wakati hakuna aliyejua kwamba wamekwama.

Wakati wa matibabu

Lukemia ya watoto hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu. Burkitt huchukua miezi. Baada ya mwezi wa kwanza mtoto hurudi kucheza, mashavu yanajaa, na bibi anasema amepona, msiendelee kumtesa na sindano. Hapo ndipo familia nyingi huacha. Seli chache zilizobaki hazionekani kwa macho, lakini zipo, na zikirudi huwa sugu zaidi. Mtoto amepona pale daktari aliyemtibu anaposema tiba imekwisha.

Vinkristini inaweza kuleta choo kigumu, ganzi ya vidole na maumivu ya taya. Mwambie muuguzi, vipo vya kusaidia. Usimpe mtoto dawa za asili za kuendesha. Na dawa hizi hushusha chembechembe nyeupe, kama zilivyoshushwa za wale panya. Kwa hiyo homa kwa mtoto aliye kwenye tiba ya saratani ni dharura ya saa, hata usiku. Usimpe panadoli ukasubiri asubuhi.

Kama tayari umempa mtoto mitishamba, mwambie daktari jina lake au mpelekee jani lenyewe. Baadhi ya mimea hubadilisha namna ini linavyovunja dawa, ikaifanya izidi au ipungue mwilini. Daktari hawezi kulikinga jambo asilolijua. Nanyi madaktari na wauguzi, mzazi akisema ukweli msimkaripie. Akikaripiwa leo, kesho ataficha.

Kwa waganga wetu tunasema hivi kwa heshima. Nchi hii haijawatupa. Chuo Kikuu cha Muhimbili kimekuwa kikitafiti tiba asili tangu mwaka 1974, na sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mwenye mti anaoamini una nguvu aupeleke huko ukapimwe, kwa kuwa ndivyo ua la Madagaska lilivyopata kuwaokoa watoto wengi. Lakini mtoto mwenye taya lililovimba akiletwa kwako, dawa bora unayoweza kumpa mzazi siku hiyo ni neno moja: mpeleke hospitali.

Na kwa halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama, ombi letu ni dogo. Kila zahanati iwe na karatasi ya dalili hizi ukutani, kwa Kiswahili chepesi, na kila mhudumu ajue kwamba mtoto aliyetibiwa malaria mara mbili bila nafuu anapelekwa mbele. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2018 mpango wa kuhakikisha angalau watoto 60 kati ya 100 wenye saratani wanaishi ifikapo mwaka 2030, na lukemia na Burkitt zimo kwenye saratani sita zilizopewa kipaumbele. Katika nchi zenye kipato kidogo, wanaopona sasa ni chini ya 3 kati ya 10. Miongoni mwa sababu ni kuchelewa, kukosewa ugonjwa na kuacha tiba katikati. Sehemu ya hizo tunaweza kuzipunguza hapa hapa, kabla mtoto hajapanda basi.

Ujumbe ule ukija tena kwenye simu yako, huna haja ya kugombana na aliyeutuma. Mwambie asante. Halafu kama kuna mtoto anayesubiri, pangeni nauli.